Bitana

Koti lina ngozi mbili. Hili nawafundisha wanagenzi
siku ya kwanza, kabla hawajashika mkasi:
kitambaa cha nje ni cha macho ya watu,
bitana ni ya mwenye koti.
Zikiachana, maji hupita katikati,
na koti, hata liwe la bei gani,
huvimba mgongoni kama chura.

Sikujua nilikuwa nikimsema ndugu yangu.

Lusweti alikuwa dalali wa viwanja, pande za Lanet na kule Njoro,
mtu wa viatu visivyojua vumbi
katika mji ambao vumbi lake huingia mpaka ndani ya sukari.
Usidhani alikuwa wa mitaroni. Hapana.
Unga wake ulikuwa wa sebuleni, Milimani, Ijumaa kwa Ijumaa,
wa kuagizwa kwa simu, wa kuvutwa juu ya kioo
katikati ya watu waliosalimiana kwa majina ya kampuni.
"Huu si ulevi, dada," aliniambia. "Huu ni mwendo."
Na kweli alienda. Mauzo matatu kwa wiki,
usingizi wa saa mbili, moyo ukipiga
kama cherehani ya umeme iliyokanyagwa ikasahauliwa.

Jumapili ile alikuja kwangu Bondeni saa kumi na moja alfajiri,
ameshika mlango kwa mikono miwili. Jasho.
"Kuna kitu kimeraruka," akasema, "hapa,
kati ya mabega," na kidole hakikufika alipotaka kifike.
Kisha: "Kimeshuka. Sasa kiko kiunoni."
Alisema kimeshuka
kama anayemsikiliza mpangaji wa ghorofa ya juu.

Hospitalini wakasema vidonda vya tumbo.
Wakampa dawa nyeupe ya kunywa. Nyeupe juu ya nyeupe.
Aliulizwa anavuta nini; akasema sigara, tena mojamoja.
Akanitazama. Tulipokuwa wadogo kule Kimilili
nilimfichia mengi: chungu cha nyanya kilichopasuka,
karo iliyoishia kwenye mandazi.
Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Methali haisemi kitu
juu ya dada wa mficha maradhi.

Nikasema.

Daktari, rika la binti yangu, Cherotich kwenye kibandiko,
aliweka kalamu chini. Akapima presha mkono wa kulia,
akapima wa kushoto, namba zikakataa kufanana.
Picha ikapigwa. Akatafuta maneno ya kunieleza,
akayakosa, akashika upindo wa koti lake jeupe:
"Mshipa mkuu, mama, ule unaotoka moyoni.
Ukuta wake una matabaka. La ndani limechanika.
Damu imeingia katikati na inajichimbia njia.
Ule unga hupandisha presha kwa ghafla,
hata mshipa wa kijana huchoka."
Nikamwambia: bitana.
Akanyamaza kidogo. Akasema: ndiyo. Bitana.

Hakufa. Wengine hufa mkono ukiwa bado kwenye komeo.
Wake ulichanikia upande wa kushuka; waliutuliza kwa dawa,
siku tisa za mashine inayolialia,
na siku zote tisa hakunisemesha,
kana kwamba ni ulimi wangu uliompasua.

Sasa ana vidonge vinne kila asubuhi, hainui hata ndoo,
na jioni huja kupimwa presha kwenye meza yangu ya kukatia,
mkono umelala kati ya chaki na futi.
Mimi husoma namba. Yeye hutazama Menengai.

Juzi aliniletea koti lake la kijivu nilipunguze; amekonda.
Nikaligeuza. Bitana imeachia begani,
na ndani ya mfuko mdogo, karatasi iliyokunjwa mara nne.
Sikuifungua. Sikuuliza ni ya lini.
Niliitia kwenye makaa ya pasi,
nikairudisha bitana kwa mkono, mishono midogo, midogo,
na ule mfuko nikaushona mdomo.

Amelivaa. Amepitisha vidole pale, mara moja, mara mbili.
Hajauliza.
Nami bado nina uzi sindanoni.